Ukijani unaotulisha waweza pia kututia sumu

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihudumu katika zahanati moja mjini Kisumu, mama mmoja aliniletea mwanawe wa umri wa miaka minne. Mtoto alikuwa akitapika na kuendesha tangu jana yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na mikono na miguu ilikuwa imejaa vipele vya kuwasha. Nilimwuliza mama huyo maji ya nyumbani huyapata wapi. Akanieleza kuwa mifereji ya mtaani kwao ilikuwa imekauka kwa wiki nzima, hivyo alikuwa amenunua mitungi miwili kwa kijana wa mkokoteni aliyeyateka maji hayo ziwani. Mtungi mmoja uliogea mtoto, wa pili ukawa wa kunywa.

"Lakini niliyachemsha, Daktari," akasema. "Niliyachemsha mpaka yakatokota, nikayaacha yapoe, kisha nikayachuja kwa leso."

"Mama, hukuyachemsha vya kutosha," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa wala hakubishana nami. Mtoto alipewa maji yenye chumvi na sukari, akaangaliwa kwa siku mbili, akapona. Hata hivyo, jioni moja wiki hiyo nilipita kando ya ziwa, nikaona maji ya ufuoni yamegeuka rangi ya kijani kizito, mfano wa rangi ya kupaka nyumba iliyomwagika. Nilianza kusoma juu ya jambo hilo, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona aibu. Maji ya aina ile hata ungeyachemsha kutwa nzima, sumu yake haingetoka.

Siwezi kuapa kwamba ni sumu hiyo iliyomdhuru mtoto yule, kwa maana hatukuwa na njia ya kuipima. Ninachojua ni kwamba nilimlaumu mama yule bure. Leo ningependa kumweleza msomaji yale ambayo ningalipaswa kumweleza mama huyo. Na ili yaeleweke vyema, hatuna budi kuanza mbali kidogo na ziwa, yaani kwenye jani la sukuma wiki.

Jani ni kiwanda

Watu wengi hudhani kwamba mmea hula udongo. Dhana hiyo ni ya kale sana. Mtaalamu mmoja wa Ulaya, Jan Baptist van Helmont, aliamua kuichunguza. Alipanda mti mdogo ndani ya chungu chenye udongo aliokuwa ameupima kwa mizani, akawa anaunywesha maji tu kwa muda wa miaka 5. Mti uliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulipungua kwa gramu zipatazo 57 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648. Van Helmont alikata kauli kwamba mti wote ulitokana na maji. Alikaribia ukweli, ila hakujua kwamba sehemu kubwa ya uzito ule ilitoka hewani.

Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley aligundua kwamba mmea uliowekwa ndani ya chombo kilichofungwa uliweza kuirudishia uzima hewa iliyokuwa imeharibiwa na mshumaa uliowaka hadi ukazimika. Mnamo 1779 daktari mwenzangu, Mholanzi Jan Ingenhousz, akaonyesha kwamba mmea hufanya kazi hiyo ukipata mwanga tu, na kwamba ni sehemu zake za kijani zinazoifanya. Gizani mmea huvuta hewa kama sisi.

Hapa yafaa niondoe hofu moja ambayo wagonjwa huniletea mara kwa mara. Ni kweli kwamba usiku mimea hutumia oksijeni, lakini kiasi chenyewe ni kidogo mno. Chungu cha maua chumbani hakiwezi kukudhuru. Mtu unayelala naye kitanda kimoja hutumia oksijeni nyingi zaidi kuliko maua hayo. Cha kuogopwa chumbani ni jiko la makaa linalowaka huku madirisha yamefungwa. Hilo huua kila mwaka.

Turudi kwenye jani. Kazi ambayo Ingenhousz aliiona huitwa usanisinuru, yaani kuunda chakula kwa kutumia nuru. Jani huvuta hewa ya kabonidioksaidi kupitia vitundu vidogo vilivyo hasa upande wake wa chini. Mizizi huleta maji. Jua huleta nishati. Kutokana na vitu hivi vitatu jani hutengeneza sukari, na mabaki yake ni oksijeni ambayo mimi nawe tunaivuta sasa hivi. Ugali, chapati, maziwa, nyama, hata makaa na petroli, vyote asili yake ni nuru ya jua iliyonaswa na jani au na kiumbe kingine cha kijani.

Nuru hunaswaje?

Ndani ya chembechembe hai za jani mna vifuko vidogo vya kijani viitwavyo kloroplasti. Humo ndimo ilimo klorofili, kitu kinachoipa mimea rangi yake. Klorofili hupenda nuru nyekundu na nuru ya buluu, ikazimeza. Nuru ya kijani haiimezi sana. Huirudisha, nayo ndiyo inayofika machoni mwetu. Kwa hivyo tunapolisifu shamba kwa ukijani wake, tunaisifu nuru ambayo mmea umeikataa.

Umbo la klorofili linafanana sana na lile la kitu kilichomo katika damu yetu kinachobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Tofauti moja kubwa ni kwamba katikati ya klorofili mna madini ya magnesi, na katikati ya kile cha damu mna chuma. Wapo wafanyabiashara wanaotumia mfanano huo kuuza vinywaji vya klorofili wakidai kuwa hugeuka damu mwilini. Mwili haufanyi hivyo. Terere, sukuma wiki na mchicha husaidia kuongeza damu kwa sababu vina chuma na vitamini ya foleti, na chuma hicho hufyonzwa vizuri zaidi ukivila pamoja na nyanya au ndimu.

Nuru inapoipiga klorofili, hurusha nje chembe ndogo sana ya umeme iitwayo elektroni. Klorofili iliyopoteza elektroni huwa na njaa kubwa ya kuirudisha, na njaa hiyo ni kali kiasi kwamba elektroni hung'olewa kutoka kwenye maji yenyewe. Maji yakapasuka. Sehemu yake ya oksijeni hutoka nje ya jani. Mwaka 1941 wanasayansi Samuel Ruben na Martin Kamen, huko California, waliyawekea alama maji kwa kutumia oksijeni nzito kuliko ya kawaida, wakathibitisha kwamba oksijeni itokayo kwenye mimea chanzo chake ni maji, wala si kabonidioksaidi kama wengi walivyokuwa wakifikiri.

Elektroni iliyong'olewa hupokezanwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mfano wa mawe ya ujenzi yanayopitishwa na vibarua waliojipanga mstari. Njiani hupigwa na nuru mara ya pili ili ipate nguvu mpya. Na kila inapopita, chembe nyingine ziitwazo protoni husukumwa upande mmoja wa utando mwembamba, zikarundikana hapo.

Msomaji aliyeona bwawa la Masinga katika Mto Tana ataelewa kinachofuata. Maji yaliyozuiwa na ukuta wa bwawa hutaka kushuka, na njia yao ni kupitia mitambo. Wakipita, mitambo huzunguka na umeme ukapatikana. Ndani ya jani ni vivyo hivyo. Protoni zilizorundikana hupita katika kinu kidogo kinachozunguka hasa, na mzunguko huo huunda kitu kiitwacho ATP. Hiyo ATP ndiyo sarafu ya nishati ya kila kiumbe hai. Musuli yako hulipwa kwayo ili ukunje mkono, na moyo wako hulipwa kwayo ili upige. Paul Boyer na John Walker walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kueleza namna sarafu hiyo inavyotengenezwa.

Naomba msomaji akumbuke jambo moja kuhusu ATP: ndani yake mna fosforasi. Bila fosforasi hapana sarafu, na bila sarafu hapana maisha. Tutalihitaji jambo hili tutakapofika ziwani.

Sukari yatengenezwa

Hatua ya pili haihitaji nuru moja kwa moja. Mmea hutumia ATP iliyokwisha kuundwa, pamoja na zile elektroni zenye nguvu, kuishika kabonidioksaidi na kuiunganisha kidogo kidogo hadi ikawa sukari. Mmarekani Melvin Calvin na wenzake waliifuatilia njia hiyo kwa kutumia kaboni yenye mnururisho na mwani wa majini, naye akatuzwa Nobel mwaka 1961.

Kutokana na sukari hiyo mmea hujenga kila kitu: wanga wa mahindi, mafuta ya karanga, ukuni wa mkaratusi. Akiongeza naitrojeni kutoka udongoni, hupata protini ya maharagwe. Hata hivyo, kazi hii si rahisi. Kati ya nishati yote ya jua inayoliangukia shamba kwa mwaka, mazao mengi huhifadhi asilimia 1 tu, au hata pungufu ya hapo. Hicho kidogo ndicho kinacholisha ulimwengu.

Walioanza kabla ya mimea

Je, ni mimea iliyovumbua ufundi huu? La. Kwa muda mrefu wa historia ya dunia hapakuwa na jani hata moja, wala hewa haikuwa na oksijeni ya kutosha kumwezesha mnyama kuishi. Walioanza kuyapasua maji kwa nguvu za jua ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huitwa sayanobakteria. Ni bakteria, jamii moja na wale wanaoleta kipindupindu na homa ya matumbo, ila hawa hawamtegemei mtu wala mnyama kwa chakula; hujipikia wenyewe kwa jua. Pamoja na klorofili, wana rangi nyingine ya buluu, na ndiyo sababu wengine huwaita mwani wa buluu na kijani, ingawa si mwani hasa.

Yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni yao ilianza kujaa hewani, ikaibadilisha dunia nzima. Baadaye sana, mmoja wao alimezwa na kiumbe kikubwa zaidi, asiyeyushwe tumboni. Walizoeana, wakaishi pamoja, na vizazi vyake ndivyo zile kloroplasti nilizozitaja. Kwa maneno mengine, kila jani la sukuma wiki limejaa wajukuu wa sayanobakteria. Mpaka leo kloroplasti zina chembe za urithi zao wenyewe zinazofanana na za mababu hao.

Sayanobakteria walio huru bado wapo kila mahali. Baharini huchangia sehemu kubwa ya oksijeni ya dunia. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama vile Bogoria na Nakuru, kuna aina mojawapo ambayo ndiyo chakula kikuu cha heroe wadogo, na rangi za chakula hicho ndizo zinazowapa ndege hao uwaridi wao. Aina hiyo hukuzwa kwa uangalifu kwenye vidimbwi na kuuzwa ikiwa unga kwa jina la spirulina. Ina protini nyingi. Lakini mtu asije akachota ukijani wa ziwani na kuukausha kwa matumaini kuwa ni chakula hicho. Katika maji yasiyotunzwa aina nzuri na aina mbaya huchanganyika, na jicho haliwezi kuzitofautisha. Hata heroe wamewahi kufa kwa wingi katika maziwa hayo, na wataalamu waliochunguza walikuta sumu za sayanobakteria.

Ziwa linapolishwa kupita kiasi

Sasa twende Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Viktoria unaofika Kisumu. Ghuba hii haina kina kirefu, maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima, nayo huungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga. Jua ni tele. Kiumbe anayejipikia kwa jua hapungukiwi na moto. Anachopungukiwa ni viungo. Na kiungo adimu zaidi katika maziwa mengi ni ile fosforasi niliyokuomba uikumbuke, ikifuatwa na naitrojeni.

Sisi ndio tunaovileta viungo hivyo. Mvua kubwa inaponyesha, mito kama Nyando na Sondu hubeba udongo na mbolea kutoka mashambani. Miji humwaga maji taka, mengine yakiwa hayajasafishwa. Mafunjo yaliyokuwa yakichuja maji kabla hayajafika ziwani yamekatwa ili watu wapate mahali pa kulima. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wamekwisha kuona kwamba sayanobakteria walikuwa wameshika nafasi ya mwani wa zamani katika ziwa hilo.

Wana hila zinazowapa ushindi. Baadhi wana vifuko vya hewa mwilini, hivyo huelea juu kwenye nuru na kuwaacha wengine wakikaa kivulini. Baadhi waweza kuchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, hivyo hawana haja ya kungoja mbolea hiyo. Siku za joto na upepo mtulivu huongezeka upesi, na upepo mdogo huwasukuma hadi ufuoni wakawa utando mzito. Wanapokufa na kuoza, oksijeni ya majini huisha na samaki hukosa hewa, hasa alfajiri, kabla jua halijachomoza na kazi ya usanisinuru kuanza upya.

Wengi huchanganya utando huu na gugumaji. Gugumaji ni mmea wenye majani na maua ya zambarau, nalo hulishwa na uchafu huo huo, lakini si lenye sumu ninayoizungumzia.

Sumu isiyosikia moto

Aina kadhaa za sayanobakteria hutengeneza sumu. Inayojulikana zaidi ni maikrosistini, nayo imepatikana mara nyingi katika Ghuba ya Winam. Ikimezwa, hufyonzwa na kupelekwa kwenye ini. Humo huzuia vimeng'enya muhimu vinavyosimamia kazi za chembechembe za ini, umbo lake likaharibika na damu ikavujia ndani. Kiasi kidogo kinachoingia mwilini kwa miaka mingi nacho kina hatari yake: mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina kuu ya sumu hiyo miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, limependekeza kwamba maji yanayonywewa maisha yote yasiwe na zaidi ya mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita. Hiyo ni sawa na gramu moja ndani ya lita milioni moja, yaani malori 100 ya maji, kila moja likibeba lita 10,000.

Msomaji ajiulize sasa, kwa nini kuchemsha hakusaidii? Kuchemsha huua vijidudu, kwa kuwa vijidudu ni viumbe hai. Sumu hii haina uhai wa kuuawa, nayo huvumilia moto wa maji yanayotokota. Isitoshe, sayanobakteria akiwa hai, sehemu kubwa ya sumu humo ndani ya mwili wake. Unapomchemsha hupasuka, na sumu ikamwagika ndani ya maji. Maji nayo hupungua kwa mvuke huku sumu ikibaki. Yule mama wa Kisumu alichemsha kwanza, kisha akachuja. Leso yake ilinasa maganda matupu.

Mambo haya yamekwisha kutokea kwingine, na yana funzo. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm huko Australia, wakubwa walitia dawa ya kuua ukijani katika bwawa la maji ya kunywa. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na tumbo, kwa sababu sayanobakteria waliokufa waliachilia sumu nyingine ya jamii hiyo. Mwaka 1996, mjini Caruaru nchini Brazil, maji yenye maikrosistini yalitumika katika mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, na zaidi ya wagonjwa 50 wakafa kwa ini kuharibika. Na mnamo Agosti 2014, wakazi wapatao 400,000 wa Toledo, Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya mfereji kwa siku kadhaa, na wakaonywa waziwazi wasiyachemshe. Ikiwa mji wenye mitambo ya kisasa uliweza kukumbwa, si ajabu kwa mtaa unaotegemea mikokoteni.

Dalili za kuangalia

Anayeoga au kuogelea katika maji hayo huenda akapata vipele, kuwashwa, macho mekundu na mafua. Anayeyanywa huenda akapata kichefuchefu, kutapika, kuendesha, maumivu ya tumbo, kuumwa na kichwa na homa. Haya yote hufanana na maradhi mengine tuliyoyazoea, na hapo ndipo sisi madaktari tunapokosea. Mgonjwa akiona macho yake yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au amelegea kupita kiasi, apelekwe hospitali mara moja. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Kazi ya daktari ni kumwongezea maji, kulinda ini na kungoja mwili ujitibu. Mwambie daktari wako maji ulikoyatoa na yalikuwa na rangi gani. Asipokuuliza, mwambie hata hivyo.

Ufanye nini?

Kwanza, usiache kuchemsha maji. Kipindupindu bado kipo, nacho huua kwa saa chache. Maji safi yasiyo na ukijani yaendelee kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini kama kawaida. Onyo langu ni juu ya maji yenye rangi ya kijani, yenye utando, au yenye harufu ya uvundo wa majani mabichi.

Pili, maji ya namna hiyo yasinywewe wala kupikiwa, na mtoto mchanga asikorogewe maziwa wala uji kwayo. Dawa ya klorini pia isitegemewe hapo. Uchafu ulio majini huimaliza nguvu mapema, na kiasi tunachotumia nyumbani hakina hakika ya kuivunja sumu. Tafuta maji ya mfereji yaliyosafishwa na kiwanda, ya kisima kilichofunikwa, au ya mvua. Mwenye paa la mabati na tangi lenye kifuniko ana hazina kubwa msimu wa masika.

Tatu, iwapo huna njia nyingine kabisa ila ziwa, usiteke ufuoni palipo na utando. Yatekwe mbali na ufuo, chini ya uso wa maji, mahali yanapoonekana angavu. Yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa kabla ya kuyachemsha, wala si baada yake, ili wale viumbe watoke wakiwa wazima pamoja na sumu yao. Njia hii hupunguza hatari, haiiondoi.

Nne, kabla hujalipa, mwulize mwenye mkokoteni maji ameyateka wapi, kisha mimina kidogo ndani ya gilasi nyeupe ukaiangalie kwenye mwanga. Yakiwa ya kijani, usiyanunue.

Tano, samaki aparuliwe vizuri, matumbo na ini vitupwe, kisha aoshwe kwa maji safi, kwani sumu hukaa zaidi humo kuliko kwenye mnofu. Omena huliwa mzima, na sumu imekwisha kupatikana katika samaki wadogo wa ghuba hiyo. Kwa hivyo ni vyema kuepuka waliovuliwa karibu na utando. Watoto wasiogelee penye utando, na aliyeguswa nao aoge kwa maji safi. Mifugo na mbwa pia wazuiwe.

Mwisho, tuache kulilisha ziwa. Mkulima atie mbolea kwa kipimo na asilime hadi ukingoni mwa mto. Mwenye nyumba za kupangisha asifungulie shimo la choo usiku wa mvua. Na sisi wakazi wa mijini tuwaulize madiwani wetu maji taka yetu yanakwenda wapi, na tuwaulize kwa sauti ile ile tunayotumia mifereji inapokauka.

Ukijani si adui yetu. Ndio unaotupa chakula na pumzi, na utaendelea kutupa. Ila kiumbe anayejua kutumia jua hatuwezi kumpunguzia jua. Tunachoweza kumpunguzia ni fosforasi tunayomrushia.

Mama yule sikumwona tena. Kama anasoma gazeti hili, namwomba radhi. Alichemsha vya kutosha.